Moyo Uliokwenda Mbali

Wazee wangu, mabibi na mabwana, na ninyi wanafunzi mlioletwa hapa bila kuulizwa: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, namaste. Kama nimemsahau mtu anisamehe, naye ahesabu nimemsalimu.

Kiswahili chetu kina jambo linalonichekesha. Ukisema fulani ana mali, ni sifa. Ana watoto, ni sifa. Ana akili, sifa pia. Lakini sema fulani ana mawazo, uone watu wanavyokunja uso na kuuliza kapatwa na nini. Wala hukusema mawazo mabaya. Mawazo tu yanatosha kuwa ugonjwa. Na mtu huyo akikaa barazani akaukodolea macho ukuta, tunasema hayupo. Amekaa mbele yetu, kikombe cha kahawa mkononi, na baraza zima tumeafikiana kwamba hayupo.

Mimi si Mhindu, na Kisanskriti sikukisomea. Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na Veda, vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu ambavyo leo nitavitumia kuzungumzia moyo uliolemewa na mawazo, navisoma kwa tafsiri. Tafsiri mbili zikigombana, naenda kumuuliza anayejua. Kwa hiyo msinichukue kama mwanachuoni. Nichukueni kama mtu aliyewahi kupotelewa.

Nilipostaafu, faili langu la mafao lilipotea, likapatikana, likapotea tena. Ofisi siitaji. Ikawa kila saa tisa usiku nimeamka, nabishana na karani ambaye muda huo yuko kwake anakoroma. Nilimshinda kwa hoja kila usiku! Asubuhi nakwenda ofisini, ananiambia njoo wiki ijayo, nami nasema asante. Katika siku hizo nikaenda kununua kitambaa cha suruali kwa mzee mmoja Mgujarati, mzaliwa wa hapahapa, duka lake si mbali na Mtaa wa Kisutu, ule wenye mahekalu ya Kihindu. Akaniuliza mita ngapi. Nikanyamaza. Akauliza tena. Mara ya tatu akaweka mkasi chini, akasema, “Mwalimu, umekwenda wapi?” Nikamwambia, “Nipo hapa, mzee wangu.” Akatikisa kichwa: “Hapana. Viatu ndivyo vipo.” Kisha akaniambia kwamba katika Veda uko wimbo wa kumrudisha mtu kama mimi. Nilidhani ananitania, lakini nikautafuta, na nikaukuta.

Ni wimbo wa 58 katika kitabu cha kumi cha Rigveda, iliyo kongwe kuliko Veda zote. Rigveda ni nyimbo 1,028, za zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na kwa karne nyingi hazikuandikwa popote. Zilikaa vifuani, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, silabi kwa silabi, jambo ambalo vijana wa madrasa hapa mnalielewa kuliko mimi. Ughani huo bado upo. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa binadamu.

Wimbo wenyewe una beti 12 fupi, na kibwagizo ni kilekile. Nawasomea kwa Kiswahili changu. “Moyo wako uliokwenda mbali, kwa Yama mwana wa Vivasvat, tunakurudishia, ukae hapa, uishi.” Yama ndiye mfalme wa wafu, yaani moyo umeshafika mahali pabaya kuliko pote tangu ubeti wa kwanza. Halafu: moyo wako uliokwenda mbali, mbinguni na duniani, tunakurudishia, ukae hapa, uishi. Uliokwenda kwenye pande nne za dunia. Uliokwenda baharini kwenye mawimbi. Uliokwenda kwenye maji na mimea, kwenye jua na mapambazuko, kwenye milima mirefu. Ubeti wa 12, wa mwisho: “Moyo wako uliokwenda mbali, kwenye yaliyokuwa na yatakayokuwa, tunakurudishia, ukae hapa, uishi.”

Yaliyokuwa na yatakayokuwa! Hapo nilifunga kitabu. Maana milimani sijawahi kwenda saa tisa usiku, wala kwenye mapambazuko. Huko kwenye yaliyokuwa na yatakayokuwa ndiko niliko kila siku. Wazee wetu waliliona hilo kwa njia ya tumbo: mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Sasa, neno nililolifasiri “moyo” wao wanaliita manas, na nimehangaika nalo. Akili? Akili hupima na kukata shauri, nayo wana neno lake, buddhi. Roho? Roho ni uhai wenyewe. Nikaona moyo ndio unaokaribia, ule tunaousema tukisema moyo umenituma, au moyo hautulii. Na wapo wafasiri wanaosema wimbo huu aliimbiwa mgonjwa mahututi, aliyezimia, anayekata roho. Sina ugomvi nao. Mimi nauchukua kwa ajili yetu sisi ambao tumezimia huku tukiendelea kwenda kazini.

Angalieni jinsi ulivyotungwa. Mgonjwa mwenyewe haimbi. Wimbo unasema “tunakurudishia”, wengi, watu waliomzunguka. Hawamwambii “jirudishe”. Na hakuna ubeti hata mmoja unaouliza kwa nini moyo uliondoka, nani aliuacha mlango wazi, imani yake ilikuwa ndogo kiasi gani. Sisi hapa mtu akilemewa tunamfanyia kikao cha kumhoji: unakosa nini wewe, mbona una nyumba, mbona watoto wazima? Waimbaji wale wanataja tu mahali, kisha wanauita moyo. Usiporudi, wanataja mahali pengine.

Nawasikia wajuzi wakisema, mwalimu, hebu njoo kwenye Gita. Nakuja, ingawa kwa mpangilio wao wenyewe Bhagavad Gita haimo ndani ya Veda; ni sehemu ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Lakini inayanywa maji ya Veda, na habari yake yote inaanza na mtu aliyeshikwa na kiwewe.

Mnaijua hadithi. Uwanja wa Kurukshetra, ambao leo uko katika jimbo la Haryana kaskazini mwa India. Majeshi mawili ya ukoo mmoja yamepangana. Arjuna, mpiga mishale asiye na mpinzani, anamwambia mwendesha gari lake la vita, ambaye ni Krishna, mungu katika umbo la mtu, amsogeze katikati atazame. (Neno gari tumelitoa kwao, tukilitaja hapa tunalirudisha nyumbani.) Anatazama, anaona babu zake, walimu wake, binamu zake. Na sikieni anavyojieleza: viungo vinalegea, kinywa kinakauka, mwili unatetemeka, nywele zinasimama, ngozi inawaka, upinde unateleza mkononi, siwezi kusimama, kichwa kinazunguka. Nimemsomea muuguzi mmoja maneno hayo bila kumwambia yametoka wapi. Akaniuliza, “Mgonjwa huyu amelazwa wodi gani?”

Nami napenda mnisikilize hapa, maana wengi hupita haraka. Kitu cha kwanza Krishna anachomjibu ni kile tunachokisema sisi wote: jikaze! Unyonge huu umeutoa wapi, haukufai wewe, simama. Hata Krishna alianzia hapo. Na haikusaidia. Arjuna anaendelea kulia, anasema sioni kitakachoniondolea huzuni hii inayonikausha, mimi ni mwanafunzi wako, nifundishe. Kisha anasema “sitapigana”, ananyamaza. Hapo ndipo Krishna, kitabu kinasema kama mtu anayetabasamu, anaanza mafundisho ambayo pamoja na utangulizi wake yanafika sura 18 na beti 700. Ukitaka kujua “jikaze” ina nguvu kiasi gani, hesabu beti zilizohitajika baada yake.

Katika sura ya pili kuna ngazi ambayo mimi nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani karibu na simu. Mtu akikaa anakitafakari kitu, anashikamana nacho. Kushikamana kunazaa tamaa. Tamaa inazaa hasira. Hasira inazaa kupumbaa. Kupumbaa kunafuta kumbukumbu, kumbukumbu ikifutika busara inavunjika, na busara ikivunjika mtu amekwisha. Sisi tumeifupisha: hasira, hasara. Lakini tumeanzia katikati ya ngazi! Kwao balaa linaanza chini kabisa, mtu amekaa tu, hajamgusa mtu, anakitafakari kitu. Anapitia picha za harusi ya aliyekuwa mchumba wake. Anasoma ujumbe wa bosi mara ya tisa. Huko chini hasira bado haijazaliwa na mguu mmoja unatosha kushuka. Ukingoja mpaka umeshapumbaa, unashuka kwa kuanguka.

Na msidhani Arjuna alipokea yote kama mtoto mtiifu. Sura ya sita, Krishna ameshaeleza jinsi ya kukaa, kutuliza pumzi, kuwa kama taa iliyowekwa pasipo na upepo. Arjuna anamkatiza: moyo huu haushikiki, una vurugu, una nguvu, ni mkaidi, naona kuuzuia ni kama kuuzuia upepo. Nampenda Arjuna kwa swali hilo. Na jibu linaanza kwa neno la kukubali: bila shaka. Bila shaka, moyo ni mgumu kuushika. Halafu anampa vitu viwili tu, abhyasa na vairagya. Mazoezi, na kuachilia.

Mazoezi tunayajua, haba na haba. Patanjali, aliyeandika kanuni za yoga, anaongeza masharti: muda mrefu, bila kukatiza, kwa moyo wa kupenda. Basi akija mtu kukuuzia utulivu wa Jumamosi na Jumapili, chakula cha mchana kikiwemo, mwache apite.

Kuachilia ndiko kunakotushinda, na kwa hilo narudi kwenye Rigveda, kitabu kilekile cha kumi, wimbo wa 34. Nadhani ni mmoja wa nyimbo za ajabu kuliko zote humo, kwa sababu anayelia ndani yake ni mcheza kamari. Kamari ya siku zile ilichezwa kwa kokwa za mti uitwao vibhidaka. Anasema mke wangu hakunigombeza hata siku moja, alikuwa mwema kwangu na kwa rafiki zangu, nami nimemfukuza kwa ajili ya kokwa. Mama mkwe ananichukia. Nikisema leo sichezi, rafiki zangu wanaondoka nabaki peke yangu, kisha nasikia kokwa zinaangushwa ubaoni, zinaita, na miguu inakwenda yenyewe. Halafu anatoa maneno ambayo sijayaona yakishindwa mahali popote: hazina mikono, lakini zinamtawala mwenye mikono, ni baridi, lakini zinaunguza moyo.

Vijana wangu, mnaijua simu yenye mkeka wa kubeti wa mechi nane ambayo timu moja tu imeuchana? Haina mikono ile. Na wimbo haumpi yule bwana falsafa ndefu. Mungu Savitar anamwambia usicheze kokwa, lima shamba lako, ridhika na ulichonacho, hao hapo ng’ombe wako, huyo hapo mkeo. Kuachilia kwa namna hiyo hakumpeleki mtu pangoni. Kunampeleka shambani kwake.

Sasa niseme la chakula, ambalo linawashangaza watu wanaodhani mambo haya ni ya hewani. Katika Chandogya Upanishad, kitabu cha mafundisho kinachohesabiwa ndani ya Veda, kuna baba, Uddalaka, na mwanawe Shvetaketu, kijana aliyerudi kutoka kwa mwalimu baada ya miaka 12, kichwa kikubwa. Baba anamwambia usile siku 15, maji kunywa upendavyo. Siku ya 16 anamwambia haya, nisomee Veda ulizohifadhi: nisomee Rig, nisomee Yajus, nisomee Saman. Kijana anasema hazinijii, baba. Baba anamwambia, moto mkubwa ukibaki kaa moja, dogo kama kimulimuli, utaunguza nini? Nenda kale. Akala, akarudi, kila alichoulizwa akajibu. Hitimisho la baba ni kwamba moyo umeumbwa kwa chakula. Nao wale wa Gita wanasema yoga si ya anayekula mno wala asiyekula kabisa, si ya mlalaji mno wala ya mkesha. Kwa hiyo mwenzako akija na mawazo, kabla hujamfungulia msahafu wala Biblia, muulize amekula lini. Wakati wa faili langu nilikuwa naishi kwa chai ya rangi na hasira.

Elimu pekee haisaidii, nalo nalisema kwa uchungu kama mwalimu. Kitabu hichohicho cha Chandogya kinamleta Narada, mjuzi mkubwa, kwa mwalimu Sanatkumara, kuomba kufundishwa. Anaambiwa taja kwanza unayoyajua. Anataja: Veda zote nne, historia, sarufi, hesabu, mantiki, elimu ya nyota, orodha haiishi. Kisha anasema, bwana, nimesikia kwamba anayeijua nafsi huivuka huzuni, nami nina huzuni, nivushe. Mtu ana digrii zote hizo na anaomba mtumbwi.

Mafundisho anayopewa ni marefu na mwisho wake ni mzito, kwamba katika kidogo hamna furaha, furaha iko katika kisicho na mpaka. Hapo kila mmoja wetu atakwenda na dini yake, na mimi nina yangu. Kuzaliwa upya mara nyingi, kwa mfano, siwezi kukuhubirieni, siamini. Lakini sihitaji kuamini vyote vya jirani ili niazime ndoo yake nyumba yangu ikiungua.

Ndoo nyingine ya kuazima ni ya Patanjali, na inahusu majirani. Anasema moyo hutakata mtu akiwa na urafiki kwa wenye furaha, huruma kwa wenye dhiki, shangwe kwa wenye kutenda mema, na kutowajali waovu. Sisi huruma tunayo, nendeni msibani muone. Kinachotuua ni hicho cha kwanza. Jirani amepaua nyumba, na bati zake zinang’aa machoni mwangu usiku kucha na mimi nimefumba macho. Kijicho kinanyima usingizi kuliko deni. Na hilo la nne, waovu wasikushughulishe: karani wangu wa saa tisa usiku nilimtoa kwa neno hilo, ingawa sikumtoa kwa siku moja, na kusema kweli hata leo akipita hapa nitamkumbuka.

Mtauliza nafanyaje hasa. Nakaa kwenye kigoda kabla ya alfajiri, mgongo wima, sikuzuiwa kupiga miayo. Navuta pumzi, natoa pumzi ndefu kuliko niliyovuta. Moyo unaondoka. Gita inasema popote unapokwenda, huko huko uuchukue uurudishe. Mimi naongeza wimbo wangu wa 58, kwa sababu nimeona moyo hausikii mpaka utaje ulikokwenda. Nasema ndani kwa ndani: moyo uliokwenda mbali, Dodoma, kwa mkubwa wa mafao, nakurudisha, ukae hapa, uishi. Uliokwenda mbali, kwa mtoto aliyeko Muscat ambaye hajapiga simu, nakurudisha. Uliokwenda kwenye maneno niliyomwambia marehemu mama mwaka ule. Huo unakawia kurudi. Unarudi umelowa. Nauita tena. Siku nyingine nahesabu 12 na bado uko nje, natoka kwenye kigoda nakwenda kufagia uwanja, na asubuhi ya pili naanza ubeti wa kwanza.

Nawaonya jambo moja na silipambi. Mwenzako ambaye moyo wake umefika kwa Yama kweli, anayesema heri nisingekuwepo, anayeanza kugawa vitu vyake, usimwimbie wala usimkalishe kwenye kigoda. Mshike mkono mwende hospitali leo hii, na ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Suruali, kwa wanaouliza, ilishonwa. Mafao nayo yalitoka, miezi mingi baadaye, yakiwa pungufu ya nilivyobishana usiku. Nilimpelekea mzee wa vitambaa boksi la maembe, akaniuliza mita ngapi, nikasema mbili na nusu bila kuulizwa mara ya pili, akacheka mpaka akakaa chini.

Chai iko nyuma ya ukumbi na mihogo bado ya moto. Lakini tuanze na maswali, kwa sababu yule mama mwenye mtandio wa kijani ameinua mkono tangu nilipotaja mkeka, na kijana aliyekaa kando yake ameanza kutafuta mlango. Karibu, mama. Mpeni kipaza sauti.